Mistari Myeusi, Nyuso za Nta na Neno "4K": Tuipimeje DVD ya Filamu ya Zamani?

Siku ya pili ya Idi, nyumbani kwa shangazi yangu kule Majengo, Mombasa, filamu ilisimamishwa kabla haijamaliza dakika tano. Wimbo wa kwanza haujaingia, watu washagawanyika. Binamu yangu, aliyekamata rimoti, alishikilia kwamba picha imekatwa kwa kuwa juu na chini ya kioo kuna mistari myeusi. Akabonyeza, mistari ikatoweka, na shangazi akaguta: "Ala! Mbona wamerefuka kama minazi?" Akabonyeza tena. Watu wakarudi kimo chao, lakini bwana aliyekuwa akizungumza upande wa kushoto akabaki pua na sikio. Jirani aliyefuata harufu ya mahamri akatoa hukumu: kava limeandikwa 4K, kwa hiyo diski haina kosa, kosa ni la TV.

Binamu na jirani walikosea wote wawili, na siwalaumu. Diski za filamu za zamani siku hizi zinauzwa kwa mafungu kando ya viatu vya mitumba, kila kava limejaa maneno makubwa, na hakuna anayemweleza mnunuzi maana yake. Mimi nimezinunua kwa miaka mingi, nzuri na mbovu, na nimefikia mahali pa kuamini kwamba swali lenye faida ni moja tu: hii imenakiliwa kutoka wapi?

Tuanze na chanzo. Filamu ya zamani ilipigwa kwenye ukanda wa plastiki, picha 24 kwa kila sekunde. Ukanda uliopita ndani ya kamera yenyewe ndio negativi. Kutoka kwenye negativi hutolewa kopi, kutoka kwenye kopi hutolewa kopi nyingine, na hizo ndizo zilizosafirishwa kwenye makopo ya bati hadi kwenye majumba ya sinema. Aliyewahi kukuna nazi ameshaelewa. Tui la kwanza ni zito. Ukirudia kukamua chicha ileile unapata tui jepesi, na ukikaidi mara ya nne unapata maji meupe. Negativi ni tui la kwanza. Kopi iliyozungushwa Mombasa, Tanga na Zanzibar mpaka ikachubuka ni maji ya chicha.

Anayetengeneza DVD huchukua ukanda anaoupata, akaupitisha kwenye mashine inayosoma picha moja baada ya nyingine. Kama mkononi ana negativi, ana bahati. Kama ana kopi chakavu, atakupa mikwaruzo na mirukoruko. Na kama ana kanda ya video tu, zile nyeusi za kusukuma ndani ya deki, atakupa kanda ya video iliyovaa nguo ya DVD.

Hili la mwisho limenipata. Nilinunua diski katika duka moja la mjini, kava linang'aa, limeandikwa kwa herufi za dhahabu kwamba filamu imetayarishwa upya kabisa. Kufika nyumbani, chini ya picha kulikuwa na utepe mwembamba unaocheza kama moto wa kibatari, ile dalili ya kanda iliyochoka ambayo kila mtu wa umri wangu anaijua. Walikuwa wamerekodi kanda ya mtu. Neno "imetayarishwa upya" halina mlinzi: ukisafisha negativi kwa miaka miwili utaliandika, na ukiongeza mwangaza kidogo kwa kompyuta utaliandika vilevile.

Sasa hiyo 4K ya jirani. DVD, iliyoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa 1996, ina kiwango chake na haiwezi kukipita. Katika PAL, mfumo wa picha uliotumiwa na TV za hapa Kenya kabla ya kuhamia dijitali mwaka 2015, picha yake ina nukta 720 kwa upana na 576 kwa urefu, jumla 414,720. Picha ya 4K ya TV ina nukta 3,840 kwa 2,160, jumla 8,294,400. Gawanya: ni mara 20 kamili. Hakuna DVD yenye picha ya 4K ndani yake, kama vile hakuna kibaba kinachobeba gunia. Neno hilo likiwa la kweli, maana yake ni kwamba negativi ilisomwa kwa mashine ya 4K, kisha picha ikapunguzwa iingie kwenye diski. Hilo ni jambo zuri, kwani tui zito likitiwa maji bado lina ladha. Likiwa si la kweli, ni wino tu.

Kuna pia suala la nafasi. DVD ya tabaka moja hubeba gigabaiti 4.7, ya matabaka mawili 8.5. Filamu moja ndefu inaweza kuimaliza diski nzima ya matabaka mawili na ikafaidika kwa kila kipande. Halafu kuna zile za bei rahisi zenye filamu kumi ndani ya moja. Matatu ya abiria 14 ukiipakia watu 60 itafika, lakini muulize abiria amefikaje. Picha zilizobanwa hivyo hupasuka vipande vya mraba, hasa kwenye giza, moshi na maji. Kwa hiyo ukitaka kuijua diski upesi, tafuta onyesho la bahari au la usiku. Mawimbi yakionekana kama vigae vinavyosogea, umeshapata jibu, usijisumbue na mengine.

Kabla hujaihukumu diski yoyote, lakini, itoe TV kwenye makosa yake. TV nyingi hutoka dukani zimewekwa rangi kali ili zivutie mteja, na nyingine huongeza picha za kubuni katikati ya zile 24 mpaka filamu ya 1955 inaonekana kama tamthilia ya jana jioni. Ingia kwenye mipangilio, chagua hali ya sinema, zima ulainishaji wa mwendo. Na kama deki yako imeungwa kwa ule waya wa manjano ilhali ina tundu la HDMI nyuma, nunua waya wa HDMI.

Tukirudi kwenye mistari myeusi, hapa ndipo penye ubishi mwingi kuliko pote. Filamu za mwanzo zilikuwa na umbo linalokaribia mraba: upana mara 1.37 ya urefu. TV ilipoanza kuwaibia sinema wateja, Hollywood ikajibu kwa picha pana. CinemaScope ilizinduliwa mwaka 1953, na haikuchukua muda filamu za upana wa mara 2.35 zikawa jambo la kawaida. TV za kisasa zina upana wa mara 1.78. Umbo pana likiwekwa ndani ya umbo lisilo pana kiasi hicho, nafasi hubaki juu na chini. Hiyo ndiyo mistari. Haijafunika kitu. Ni ukuta uliobaki baada ya kutundika picha.

Chukua kanga. Ina mji katikati, ina pindo kuzunguka, ina jina. Ukitaka kuitia kwenye fremu ya mraba, una njia tatu. Uitundike nzima, juu na chini ya fremu pabaki wazi, lakini kanga yote ionekane. Uivute kwa nguvu mpaka maua yageuke marefu, na hiyo ndiyo minazi aliyoiona shangazi. Au uchukue mkasi ukate pindo za pembeni, jina likatike katikati, usome "Mgeni njoo" usijue mwenyeji afanyeje. Kanda za video za zamani, na DVD kadhaa zilizofuata, zilitumia mkasi: filamu ya upana wa 2.35 ikipunguzwa iingie TV ya zamani ya 1.33, zaidi ya sehemu mbili kati ya tano za picha hutupwa. Watu walikulia kwenye picha hiyo iliyokatwa, kwa hiyo wanapoiona nzima wanadhani ndiyo iliyokatwa.

Upande wa pili wa kosa hilohilo ni filamu za umbo la 1.37. Kwenye TV ya leo zinastahili mistari kushoto na kulia. Wengi huzivuta zijaze kioo, na kila mwigizaji ananenepa kwa theluthi moja. Vinyozi ndio mabingwa wa hili. Sijawahi kukaa kwenye kiti cha kinyozi nikaona filamu ya zamani ambayo stelingi wake hakunenepeshwa. Kasoro halisi ya kulaumu diski ni picha pana inayoelea katikati ya kioo, weusi umeizunguka pande zote nne kama kisiwa. Hiyo ilitengenezwa kwa TV za zamani, na nukta nyingi zimepotea kwa kuchora weusi mtupu.

Mtego mwingine ni usafi. Filamu ina chembechembe, zile punje ndogo zinazochemka ukitazama ukuta mweupe au mbingu. Hizo si uchafu. Ndizo zilizoibeba picha, kama nyuzi zinavyobeba rangi ya kitambaa. Mikwaruzo, madoa na nywele zilizonata kwenye ukanda ndivyo uchafu, na kuviondoa ni kazi njema. Lakini wapo wanaoipitisha filamu nzima kwenye programu ya kulainisha, punje zote zikafutwa. Unakijua kile kichujio cha urembo cha simu kinachomfanya mtu wa miaka hamsini aonekane kama yai? Ndicho hicho. Nyuso zinakuwa za nta, ndevu zinageuka rangi ya mkaa iliyopakwa, sari ya hariri inakosa nyuzi. Kisha, wakiona picha imelegea, huongeza ukali kwa kompyuta, na pembeni mwa kila mtu unatokea uzi mweupe kama ametajwa mtakatifu. Mtazame mtu aliyesimama mbele ya mbingu. Uzi ukiuona, umeshawakamata.

Mimi, nikilazimishwa kuchagua kati ya diski yenye mikwaruzo michache na diski yenye nyuso za nta, nachukua mikwaruzo bila kufikiri mara mbili.

Rangi nazo zina kisa chao. Filamu nyingi za rangi za kuanzia miaka ya 1950 zilitumia kemikali ambazo hupauka, na hazipauki sawasawa: buluu na kijani hutangulia kuondoka, wekundu hubaki. Ukiona dunia nzima ina rangi ya juisi ya ukwaju, majani hayana kijani na kila uso umeiva, chanzo kilikuwa kopi iliyopauka na hakuna aliyehangaika kuirekebisha. Kisha kuna waliotia rangi pasipokuwa nayo. Mughal-e-Azam ya 1960 ilipigwa kwa sehemu kubwa nyeusi na nyeupe, na vipande vichache vya rangi. Mwaka 2004 ikatolewa upya yote ikiwa ya rangi, na sauti nayo ikatengenezwa upya. Watu wengi hapa wanaijua hiyo ya rangi tu na wanadhani ile nyingine ni mbovu. Si mbovu. Mwanga na kivuli vyake vilipangwa kwa ajili ya weusi na weupe, na ukumbi wa vioo unapowaka rangi ghafla ndani ya filamu isiyo na rangi, moyo unaruka. Ukiitia rangi tangu mwanzo, mshangao huo huupati tena.

Diski mpya, kwa upande mwingine, mara nyingine inastahili bei yake. Negativi za Pather Panchali ya 1955 ziliungua katika moto wa maabara London mwaka 1993. Kwa miaka mingi aliyeitazama alitazama nakala za nakala. Baadaye mafundi walivitengeneza vipande vilivyosalimika, wakajaza mapengo kwa kopi bora zilizopatikana, na filamu ikatoka tena mwaka 2015. Ukikuta matoleo mawili ya filamu hiyo, la kabla na la baada ya mwaka huo, hata asiyejua lolote atayatofautisha.

Sauti huhukumiwa vibaya kuliko picha, kwa sababu ya tarakimu. 5.1 maana yake spika tano na moja ya besi. Lakini filamu nyingi za kabla ya miaka ya 1970 zilirekodiwa kwa njia moja tu ya sauti, yaani mono, spika moja nyuma ya pazia, na huwezi kuigawa mara sita ukapata kisichokuwamo. Wanachofanya baadhi ni kuongeza mwangwi na kutupia milio mipya ya bunduki ambayo aliyeitengeneza filamu hakuisikia maishani mwake. Baya zaidi, kwenye TV yenye spika mbili ndogo zinazoangalia ukuta, sauti hiyo ya 5.1 hubanwa hadi mbili, mazungumzo yanazama, muziki unapiga kelele. Halafu watu husema filamu za zamani hazisikiki. Ingia kwenye menyu ya diski. Ikiwa kuna sauti ya asili ya njia moja, chagua hiyo. Uone jinsi maneno yanavyokuja mbele.

Jaribio langu ni herufi "s" na "sh". Usafishaji uliopita kiasi huondoa mvumo wa chinichini, huondoa na ncha za sauti pamoja nao, na kila mtu huzungumza kama yuko ndani ya mtungi. Mvumo mdogo ni afadhali. Sikio huuzoea baada ya dakika tano, kama linavyozoea feni.

Masikio ya Mombasa hayadanganyiki kirahisi katika nyimbo hizi. Tuni za Kihindi tumezisikia kwenye filamu, tukazisikia tena kwa Juma Bhalo zikiwa na maneno ya Kiswahili. Mjomba wangu alipiga kinanda katika kikundi cha taarab, na siku moja, akitazama diski iliyoletwa na mtu kutoka Uingereza, aliinua kichwa akasema, "Huyu mama leo ameimba juu." Nikadhani ni uzee. Alikuwa sahihi. Mfumo wa PAL huonyesha picha 25 kwa sekunde, na filamu ni picha 24; njia rahisi ya watengenezaji ni kuikimbiza kidogo, asilimia nne na ushei. Sauti hupanda, zaidi ya nusu ya mwendo wa kutoka kibonye kimoja cha kinanda hadi cha jirani yake. Wapo wanaoirekebisha, wapo wasiojali. Diski nyingi za India zimetengenezwa kwa mfumo mwingine, NTSC, ambao haukimbizi.

Kukimbizwa huko kumezaa uvumi kwamba diski za Ulaya zimekatwa. Filamu ya dakika 120 humalizika kwa dakika 115 na sekunde kidogo, na hakuna kilichoondolewa. Kabla ya kulalamika, zidisha muda wa asili kwa 0.96. Ukipata jibu linalolingana na kava, tulia. Ukikuta pungufu ya dakika ishirini, hapo lalamika. Zipo kampuni zilizokata nyimbo ili filamu itoshe, dhambi ambayo mimi binafsi siisamehi.

Kuhusu namba za kanda, si kanda za video bali maeneo ya dunia ambako diski imeruhusiwa kuchezwa, kwa ufupi: Kenya iko kanda ya 5, Uingereza ya 2, Marekani ya 1, na diski ya 0 huchezwa popote. Namba hiyo haisemi lolote juu ya ubora.

Ziada ndizo zinazojaza nyuma ya kava, na nyingi ni hewa. "Menyu ya kuchagua maonyesho" si ziada, ni sawa na hoteli kuandika kiti na meza kwenye orodha ya vyakula. Ziada yenye uzito ni ile inayokupa ulichokuwa hukijui. Ya kwanza kwangu ni sauti ya maelezo, ambapo mtu anazungumza juu ya filamu inapoendelea. Msikilizaji wa DJ Afro, yule msimulizi wa filamu, ameshazoea sauti ya mtu juu ya filamu, ila huyu hasimulii kisa. Anakwambia kwa nini taa imewekwa pale na nani alikataa kuruka ukuta ule. Ya kwanza ya aina hiyo ilitoka mwaka 1984 kwenye diski kubwa za leza, Ronald Haver, mtaalamu wa historia ya filamu, akiieleza King Kong. Ya pili ni vipande vilivyoondolewa. Sholay ya 1975 ilibadilishwa mwisho kwa amri ya wakaguzi wa India, polisi wakaingizwa wafike kabla ya kisasi kutimia. DVD zenye mwisho wa awali zimewafanya wazee wa baraza waibishanie upya filamu waliyodhani wanaijua kwa moyo. Ziada moja kama hiyo inazidi picha mia za mabango.

Na tafsiri ya maandishi, ambayo hawaiweki hata kwenye hesabu ya ziada. Diski nyingi za Kihindi hutafsiri mazungumzo na kunyamaza wimbo unapoanza, wakati nusu ya kisa imo ndani ya wimbo. Kijana asiyejua Kihindi hukaa dakika sita akitazama watu wakizunguka mti. Kabla ya kununua, omba wakuwekee wimbo mmoja.

Kukwama na kurukaruka ni ugonjwa wa diski yenyewe, si wa filamu. Hewa yetu ya chumvi na unyevu haina huruma. Futa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, moja kwa moja, si kwa kuzungusha, na ile dawa ya meno waachie meno.

Turudi Majengo. Nilimwomba binamu rimoti, nikairudisha mistari myeusi mahali pake, nikazima ulainishaji wa mwendo, nikachagua sauti ya njia moja. Jirani akaguna kwamba picha imekuwa ndogo. Wimbo wa pili ulipoingia, safu ya wachezaji ikajitandaza kutoka ukingo hadi ukingo, na shangazi akaweka kikombe chake chini. Alinyoosha kidole kwenye pembe ya kulia kabisa, kwa msichana wa mwisho mwenye dupatta ya kijani aliyekuwa akikosea hatua na kucheka.

"Yule! Yule ndiye tuliyekuwa tukimcheka kwenye sinema ya Regal. Kwenye kanda hakuwamo. Nilidhani nimemuota."